Pazia la North Carolina
Sheria na kipigo cha nyumbani: Sehemu ya Nne

Mnamo Agosti 2025, jaji wa mahakama ya shirikisho katika jimbo dogo la Rhode Island, Marekani, alisimamisha masharti mapya ambayo Wizara ya Haki ya nchi hiyo iliyafunga kwenye ruzuku za mashirika yanayowahudumia watu waliopigwa na wapenzi wao. Walioshtaki ni miungano 17 ya majimbo mbalimbali, inayoyaleta pamoja makao ya hifadhi na nambari za simu za dharura zinazoendeshwa kwa fedha za ile sheria ya shirikisho ya 1994 kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, tuliyoichambua katika sehemu ya pili. Miongoni mwa masharti hayo lipo linalomkataza mpokeaji fedha kueneza kile ambacho serikali ya Rais Trump inakiita itikadi ya jinsia. Lakini sheria hiyo ya 1994, jinsi ilivyorekebishwa 2013, inamkataza mpokeaji huyo huyo kumbagua manusura kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi au utambulisho wake wa kijinsia. Msimamizi wa makao akifungua mlango saa nane za usiku na kumkuta nje mwanamke aliyezaliwa mvulana, mdomo umepasuka, atii lipi?

Wanaolibishania suala hili kwenye runinga wanalichukulia kuwa jipya. Ni la kale sana. Ni swali la mlangoni: kabla hatujakusaidia, wewe ni nani? Na hakuna mahakama zilizoliuliza kwa ukaidi zaidi, wala zilizoacha maandishi matamu zaidi kwa sisi tuliougua ugonjwa wa hukumu za zamani, kama zile za North Carolina. Hukumu za jimbo hilo nimekuwa nikizisoma kama wenzangu wanavyosoma riwaya, na tangu sehemu ya kwanza mhariri amekuwa akiniambia ningoje. Leo ameniachia uwanja.

Tuanze 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Bwana mmoja aitwaye Black alikuwa ametengana na mkewe. Siku moja alipita karibu na nyumba alikokaa mke, wakarushiana maneno, akaingia, akamshika nywele, akamwangusha sakafuni na kumshikilia hapo. Jaji Mkuu Pearson alipoisikiliza rufaa hakuona kosa. Mume, alisema, anaruhusiwa kutumia nguvu ya kutosha kumtuliza mke mwenye hasira, na mahakama haitachungulia nyuma ya pazia la nyumba ya mtu isipokuwa pana jeraha la kudumu au nguvu iliyopita kiasi. Pazia hilo likumbuke, msomaji. Litatusumbua kwa zaidi ya miaka 150.

Miaka minne baadaye, 1868, ikaja kesi ya Rhodes. Elizabeth Rhodes alichapwa na mumewe mara tatu kwa ufito wenye unene wa kidole, usiofika unene wa dole gumba. Kulikuwa na uchokozi gani? Maneno fulani aliyoyatamka mke, ambayo shahidi hata hakuyakumbuka. Hakimu wa chini alimwachia mume kwa hesabu ya vidole: ufito ulikuwa mwembamba kuliko dole gumba, basi mume alikuwa ndani ya haki yake. Jaji Reade wa mahakama ya juu aliikataa hesabu hiyo. Alikiri kwamba kama aliyechapwa asingekuwa mke wa mchapaji, hilo lingekuwa shambulio bila shaka yoyote. Kisha, jamani, akamwachia mume vilevile! Sababu yake ni kwamba kila nyumba ina serikali yake, na kulitoa jambo dogo la chumbani hadharani kunaleta madhara makubwa kuliko vipigo vyenyewe.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, kama mtu anaweza kupenda kitu cha namna hiyo. Ni ya 1874. Asubuhi, watu wameshamaliza kifungua kinywa, Richard Oliver anarudi nyumbani amelewa. Anachukua nyama ya nguruwe, anasema ina funza na kwamba mkewe hataki kuisafisha. Anakaa, anakula kidogo, kisha anakirusha kikombe pamoja na birika la kahawa pembeni mwa chumba na kutoka nje. Anarudi na fito mbili alizozikata mtini, urefu wa futi nne hivi, matawi na majani bado yakining'inia. Ule mnene zaidi ni nusu ya kidole cha mwisho. Anazitupa sakafuni mkewe azione, anamwahidi kichapo, kisha anaziokota na kumtandika. Walikuwapo watu pale. Walimwambia aache, naye akaacha, akiwaeleza kwamba wasingekuwapo angemkomesha kabisa. Alama za mkononi zilidumu wiki mbili, ingawa, kumbukumbu inatukumbusha, hazikumzuia mke kufanya kazi. Nani aliyeona umuhimu wa kuandika hilo? Nimejiuliza mara nyingi.

Oliver alipigwa faini ya dola 10. Alipokata rufaa, Jaji Settle alitamka kwamba mume hana haki ya kumchapa mkewe kwa hali yoyote ile, na kwamba mahakama zimekwisha kutoka katika ushenzi huo. Ningetamani angeweka kalamu chini hapo hapo. Aliendelea, akasema kwamba pasipo jeraha la kudumu wala ukatili wa kupindukia, ni heri kulishusha pazia, kuwafungia nje wenye macho, na kuwaacha wawili hao wasahau na kusameheana.

Hebu tusiwacheke Wamarekani haraka. Wahenga wetu walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, na ni wazee wangapi wa mabaraza yetu wameutumia usemi huo kumrudisha binti kwa mume aliyemvunja mkono? Kwamba nyumba ina siri zake ni kweli. Lakini kata inayoijua siri ya mtungi ndiyo hiyo inayotumbukizwa humo kila siku, na ikija kusema, isikilizwe. Pazia la Jaji Settle lilimlinda mtu mmoja tu kati ya wawili waliokuwa nyuma yake. Linaitwa heshima ya familia, lakini mimi nimeshindwa kuona familia iliyopata heshima yoyote kutokana nalo.

Sasa turuke karne moja. Mwaka 1979 North Carolina ilipitisha sheria ya ukatili wa nyumbani, Sura ya 50B ya sheria za jimbo. Sheria hiyo inampa aliyepigwa amri ya ulinzi yenye meno: anayeikiuka anatenda jinai, polisi wanatakiwa kumkamata papo hapo, na jaji anaweza kumwamuru asalimishe bunduki zake. Ili uipate amri hiyo lazima uwe na uhusiano wa karibu na anayekutesa, na sheria, kwa marekebisho ya baadaye, ikaorodhesha mahusiano yenyewe: waliooana au waliokuwa wameoana, wazazi na watoto, waliozaa pamoja, watu wa nyumba moja au waliowahi kuwa wa nyumba moja, na wachumba. Kuhusu wachumba iliongezwa kwamba wawe wa jinsia tofauti. Mashoga wawili waliokaa nyumba moja waliweza kujipenyeza kwa mlango wa watu wa nyumba moja. Waliopendana bila kukaa pamoja hawakuwa na pa kupita.

Mwisho wa Mei 2018, mwanamke ambaye kumbukumbu za mahakama zinamtaja kwa herufi M.E. tu alifika katika mahakama ya Kaunti ya Wake, jijini Raleigh. Alikuwa ameachana na T.J., mwanamke mwenzake, na aliogopa. Tulikwisha kuona katika sehemu ya tatu kwamba saa ya kuondoka ndiyo saa ya hatari kuliko zote. Fomu ya amri ya ulinzi ina visanduku vya kutia alama: unahusianaje na mlalamikiwa? M.E. alitafuta kisanduku chake, hakukiona. Palikuwa na kisanduku cha wachumba wa jinsia tofauti, na hakuna kingine kilichomfaa. Karani akamwelekeza kwenye fomu nyingine, ya Sura ya 50C, ile inayotumiwa na mtu anayefuatwafuatwa na mtu asiye na uhusiano naye. Amri ya 50C ni nyepesi. Anayeikiuka hakamatwi pale pale. Aliyetishwa ndiye anayetakiwa kurudi mahakamani kulalamika kwamba amri imedharauliwa. Kati ya tishio na siku ya kusikizwa, Mungu ndiye mlinzi.

Hakimu aliyemsikiliza alimwamini. Alisema waziwazi kwamba kama wawili hao wangekuwa mwanamume na mwanamke, yaliyoelezwa yangetosha kutoa amri ya 50B. Kisha akamnyima kwa sababu ya kisanduku. Tarehe 31 Desemba 2020 Mahakama ya Rufaa ya jimbo iliamua kwamba ubaguzi huo unavunja katiba, na 2022 mahakama ya juu ya North Carolina, mrithi wa Pearson, Reade na Settle, ikaukubali uamuzi huo. Hapo ndipo pazia lilipofunguliwa kwa watu wa mwisho waliokuwa wamebaki nyuma yake.

Wako wasomaji watakaoninunia kwa kuwatetea mashoga katika gazeti linaloingia majumbani. Kwao ninayo kesi ya Ohio.

Novemba 2004 wapiga kura wa Ohio waliingiza katika katiba ya jimbo lao kifungu cha kuzuia ndoa za jinsia moja, na kwa bidii ya kuziba kila tundu wakakataza pia jimbo kutambua uhusiano wowote wa watu wasiooana unaoiga hali ya ndoa. Wino haujakauka, mawakili wa wanaume waliowapiga hawara zao wakabisha hodi mahakamani. Hoja yao ilikuwa ya kijanja: sheria ya ukatili wa nyumbani inamlinda mtu anayeishi na mwenzake kama mume na mke, sasa katiba inakataza kutambua watu wa aina hiyo, kwa hiyo mteja wangu hawezi kushtakiwa kwa kosa hili. Baadhi ya mahakimu waliikubali. Mashtaka yalipunguzwa, mengine yakafutwa. Wanawake ambao hawakuwa na habari na mashoga, ambao pengine wenyewe walikipigia kura kifungu hicho, walijikuta nje ya ulinzi kwa sababu mwanamume aliyewavunja mbavu hakuwahi kuwatolea pete. Ilibidi kungoja hadi Julai 2007, katika kesi ya Carswell, ndipo mahakama ya juu ya Ohio ikasema kwamba sheria ya ukatili haigongani na kifungu hicho. Karibu miaka mitatu ilikuwa imepita. Uzio uliojengwa kwa ajili ya jirani uliwazingira wenye nyumba.

Ndiyo maana nashikilia msimamo wangu: sheria ya kipigo iulize kipigo. Ikianza kumuuliza aliyepigwa cheti cha ndoa, jinsia na nani analala na nani, hatakosekana wakili wa kuugeuza kila ulizo kuwa mwanya wa kumpitisha mpigaji.

Msaada wenyewe je, una sura gani? Hapa naona nimetumia zaidi ya nusu ya ukurasa, basi nifupishe. Wa kwanza kulisema jambo la kipigo kati ya wapenzi wa jinsia moja hadharani hawakuwa majaji wala maseneta. Walikuwa wanawake wasagaji waliokuwa wakifanya kazi katika makao ya hifadhi, ambao mwaka 1986 walitoa kitabu cha shuhuda kilichohaririwa na Kerry Lobel. Kulisema kulihitaji ujasiri wa aina mbili, maana wenzao wengi waliwasihi wanyamaze: jamii inatuchukia tayari, mnataka kuwapa maadui kuni? Mwaka 1989 jijini Boston, wanawake waliokuwa wamepigwa na wapenzi wao wa kike walianzisha shirika ambalo leo linaitwa The Network/La Red, lenye simu ya dharura kwa Kiingereza na Kihispania na mahali pa kulala kwa wanaokimbia.

Kazi yao ina ugumu ambao makao ya kawaida hayaujui. Katika makao ya wanawake, mwanamume hapiti mlangoni, basi mpigaji amezuiwa. Lakini mpigaji akiwa mwanamke, anaweza kupiga simu kabla ya mwenzake, akalia, akasema yeye ndiye aliyeonewa, akapewa kitanda pale pale ambapo mwenzake amejificha. Pengine anaamini anachokisema. Kwa hiyo watu wa Boston huwahoji wote wanaopiga simu kwa makini. Hawaishii kuuliza nani alirusha ngumi. Wanauliza nani anamwogopa nani, nani anashika pesa, nani amebadilisha maisha yake ili mwingine asikasirike. Polisi, wasio na subira hiyo, mara nyingi huwakuta wanaume wawili wenye damu wakawatia pingu wote.

Halafu kuna silaha isiyoacha alama: ukiniacha, nitamwambia mama yako, nitamwambia mwajiri wako, nitampeleka mchungaji zile picha. Aliyebadili jinsia anafichiwa dawa zake za homoni. Na rafiki wa kumkimbilia ni yule yule rafiki wa mpigaji, kwa sababu mtaa wao ni mdogo na baa ni moja.

Utafiti wa kitaifa wa taasisi ya afya ya CDC, uliofanywa 2010, ulikuta kwamba asilimia 44 ya wanawake wasagaji waliwahi kubakwa, kupigwa au kuwindwa na mpenzi, dhidi ya asilimia 35 ya wanawake wanaopenda wanaume tu. Kwa wanawake wanaopenda wa jinsia zote mbili, ilikuwa asilimia 61. Kabla mtu hajaidaka namba hiyo na kukimbia nayo mimbarini, ajue kwamba karibu tisa katika kila kumi ya hao wa mwisho walisema waliowatesa ni wanaume watupu.

Kwa hoja hizi ndipo Februari 2013, baada ya mvutano uliochukua zaidi ya mwaka, Seneti ilipitisha marekebisho ya ile sheria ya 1994 kwa kura 78 dhidi ya 22, Baraza la Wawakilishi kwa 286 dhidi ya 138, na Rais Obama akatia sahihi tarehe 7 Machi. Mwaka 2022 yakaongezwa mafungu ya huduma mahususi kwa watu wa LGBTQ. Haya ndiyo yaliyobishaniwa Rhode Island. Zuio la jaji liliwapa wenye makao nafasi ya kupumua, si ushindi. Serikali ilikuwa na nafasi ya kukata rufaa, na msimamizi mwenye busara, akiiona serikali inayomlipa ikikunja uso, atayafuta maneno fulani katika tovuti yake bila kuamriwa na mtu. Aliyepigwa akitafuta usiku asiyaone maneno hayo, atadhani mlango si wake.

Na kwetu? Sheria yetu ya Kenya ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, ya 2015, ni pana kuliko ilivyokuwa ile ya North Carolina. Kifungu cha nne kinataja wanaokaa nyumba moja na hata wenye uhusiano wa karibu wa kibinafsi, bila neno juu ya jinsia zao. Katika karatasi, M.E. angepata kisanduku Nairobi kabla ya kukipata Raleigh. Lakini kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu ngono isemwayo kuwa kinyume cha maumbile kwa kifungo cha miaka 14, kingali hai. Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa Mei 2019. Kijana anayekwenda kwenye dawati la jinsia la kituo cha polisi kueleza nani amempasua kichwa, anaandikisha taarifa juu ya mwenzake na juu yake mwenyewe kwa kalamu moja. Afisa hahitaji hata kuitumia sheria hiyo. Inatosha mpigaji aitaje nyumbani. Mawakili wetu walioshinda katika Mahakama ya Juu Februari 2023 kuhusu haki ya kusajili shirika la mashoga na wasagaji wangefanya jambo la maana kukipeleka kifungu cha nne mahakamani, kwa kesi ya mtu aliyepigwa, wakaone kama kina meno. Hospitali angalau hazihitaji kungoja. Daktari anayeshona jeraha hana sababu ya kuuliza mpenzi ni wa jinsia gani kabla hajashika sindano, na wauguzi wanaouliza wajue kwamba mgonjwa huyo hatarudi kutolewa nyuzi.

Wasomaji wameniandikia kuhusu Maryland, ambako sheria ya 1882 iliruhusu mpiga mke achapwe hadi viboko 40. Wengine wanataka irudishwe, na wengine wamependekeza majina. Hiyo ni ya wiki ijayo, pamoja na Delaware ya 1901 na Oregon ya 1905, na sababu zilizowafanya baadhi ya wanawake wa zama hizo kuipinga.